Tangazo la Biashara na Haki ya Kuliruka

Wahakiki wetu wamezoea kuchambua ushairi, riwaya, tamthilia na ngoma. Ni nadra kumwona mtu akilichukua tangazo la biashara na kulipima kwa mizani ileile ya fani na maudhui. Sababu moja ni dharau: tangazo huhesabiwa kuwa kelele za wachuuzi, zisizostahili kuingizwa katika hesabu ya utamaduni wa taifa. Sababu ya pili ni kwamba tangazo haliji peke yake. Huja limejibanza ndani ya kitu kingine tulichokusudia kukiona, nasi tumejifunza kulivumilia kama mtu avumiliavyo nzi mezani. Lakini kijana wa sekondari wa leo, awe Dar es Salaam au awe Bugwema katika Wilaya ya Musoma, husikia na kuona matangazo ya biashara mengi kuliko mashairi atakayoyasoma katika masomo yake yote. Sanaa iliyoenea kiasi hicho haiwezi kuachwa nje ya uhakiki, hata kama haitupendezi.

Tuanze na neno lenyewe. Kutangaa ni kuenea, na kutangaza ni kukieneza kitu kipate kujulikana. Kwa hiyo mtangazaji ni yule asomaye taarifa ya habari redioni, na pia ni mwenye duka aelezaye ubora wa sabuni yake. Tangazo laweza kuwa la kifo, la mkutano wa kijiji, la nafasi za kazi, au la bia. Lugha nyingine huwa na maneno mawili au matatu mahali hapa. Sisi twatumia moja. Wako wanaoona kuwa huo ni upungufu wa msamiati. Sisi twaona kuwa neno hili limehifadhi kumbukumbu ya zamani, ya wakati ambapo kila lililotangazwa lilimhusu kila aliyelisikia. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mtu aliyeisikia mbiu hakufikiri kama ana haki ya kuiruka, maana jambo lenyewe lilikuwa lake: moto, wezi wa mifugo, au kazi ya pamoja. Mfanyabiashara alipoingia katika redio na televisheni aliikuta heshima hiyo imekwisha kujengwa, akaiazima bila kulipa.

Inafaa kukumbuka kwamba Radio Tanzania Dar es Salaam, katika zama za chama kimoja, ilikuwa na Idhaa ya Taifa na ilikuwa na Idhaa ya Biashara. Kuwako kwa idhaa mbili zenye majina hayo kulikuwa ni aina ya uhakiki, ijapokuwa waliozianzisha hawakuuita hivyo. Msikilizaji alijua kwamba akigeuza kitufe kufika mahali fulani ataingia sokoni. Aliyekuwa hataki soko hakuhitaji mashine ya kumrukisha.

Televisheni haikuja hivyo. Zanzibar ilikuwa nayo mapema katika miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994, na vituo vilivyoanza wakati huo vilikuwa vya watu binafsi. Vilikula kutokana na matangazo ya biashara tangu siku ya kwanza. Televisheni ya Taifa ilifuata mwaka 2000, ikaikuta njia imekwisha kulimwa. Kwa sababu hiyo watazamaji wengi wa Bara hawajapata kuijua televisheni isiyokatwakatwa na matangazo, na huenda wakadhani kwamba kukatwa ni sehemu ya maumbile yake.

Mzozo ambao twataka kuuchambua ulitokea Marekani, nchi ambayo desturi hii ina umri mkubwa zaidi. Mwezi Mei 2012 kampuni ya Dish Network, inayouza televisheni ya kulipia kwa njia ya setilaiti, iliongeza chombo kiitwacho AutoHop katika kisimbuzi chake cha Hopper. Kisimbuzi hicho kiliweza kurekodi vipindi vyote vya jioni vya mitandao minne mikubwa, yaani ABC, CBS, Fox na NBC. Kuanzia siku iliyofuata mtazamaji aliweza kuvitazama bila matangazo hata moja. Hakuhitaji kubonyeza kitufe kila mara. Alijibu swali moja mwanzoni, na mashine ikaruka yenyewe. Kabla ya mwezi huo kwisha kesi zilikuwa zimekwisha kufunguliwa mahakamani.

Kumbukumbu za mahakama zina jambo moja linalostahili kutajwa. Alama za mahali lilipoanza tangazo na mahali lilipokwisha hazikuwekwa na mashine. Mafundi wa kampuni, katika jimbo la Wyoming, walikaa kila usiku wakivitazama vipindi hivyo na kuweka alama kwa mikono yao. Yaani, ili watu wengi wasilione tangazo, ilibidi wafanyakazi wachache wayaone yote. Mtunzi wa tamthilia angepata hapo mhusika mzuri sana.

Hoja za vituo vya utangazaji zilikuwa nzito. Kipindi, walisema, kinalipiwa na tangazo. Akiondolewa mlipaji, kipindi nacho kitakufa. Hoja hii ilikuwa na umri wa miaka mingi. Ilijitokeza katika kesi ya mashine ya Betamax ya Sony, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliiamua Januari 1984 kwa kura tano dhidi ya nne, ikisema kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani kwake ili akitazame baadaye si wizi. Ikajitokeza tena mwaka 2001 katika kesi dhidi ya mashine iliyoitwa ReplayTV, lakini kampuni iliyoiuza ilifilisika mwaka 2003 kabla ya hukumu. Mwaka 2002, Jamie Kellner, aliyekuwa mkuu wa shirika la Turner Broadcasting, aliisema hoja hiyo bila kuificha: anayeruka matangazo anaiba kipindi, kwa sababu upo mkataba baina yake na kituo kwamba atayatazama. Alipoulizwa juu ya mtu aendaye msalani wakati wa matangazo, alikubali kwamba upo ustahimilivu fulani.

Hapa mwanafunzi wa fasihi atakumbuka kitabu anachokijua. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya wafanyabiashara wa Venisi, aliitoa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Uteuzi wa neno lile ulikuwa uhakiki mzima. Na kiini cha tamthilia ile ni mkataba unaosomwa neno kwa neno: mdai ameandikiwa nyama, hakuandikiwa damu, basi akate nyama bila kumwaga damu kama aweza. Tarehe 24 Julai 2013 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa huko Marekani ilisoma haki za Fox kwa namna isiyo mbali sana na hiyo. Ilikataa kuusimamisha mtambo wa Dish wakati kesi ikiendelea, na moja ya sababu zake ni kwamba Fox alikuwa na hakimiliki ya vipindi, lakini hakuwa na hakimiliki ya matangazo. Tangazo lilikuwa mali ya watu wengine. Kuliruka hakukugusa haki yoyote ya Fox ya kunakili kazi yake.

Kwa mhakiki, hoja hiyo ni kubwa kuliko ilivyokuwa kwa mawakili. Mahakama imesema kwamba tangazo si sehemu ya kazi ya sanaa inayolibeba. Je, ni kweli?

Mtu aliyelelewa katika jadi ya masimulizi atajibu kwa tahadhari. Fanani wa hadithi naye husita. Hunyamaza, huuliza wasikilizaji swali, huanzisha wimbo wanaouitikia, kisha hurudi katika hadithi. Lakini kusita kwake kumetoka ndani ya hadithi. Wimbo ule ni wa mhusika aliyepotea porini, na hadhira inapoitikia inamsaidia kutafuta njia. Tukiondoa wimbo, hadithi huchechemea. Tangazo la biashara halina uhusiano wa namna hiyo na kipindi. Likiondolewa, kipindi huwa kizima zaidi. Hadi hapo mahakama ilikuwa sahihi.

Ila yako yaliyosalia. Mtunzi wa tamthilia ya televisheni ajuaye kwamba kazi yake itakatwa kila baada ya dakika kadhaa huanza kuitunga kwa ajili ya mkato. Huweka taharuki ndogo mahali pasipohitaji taharuki: mlango unagongwa, simu inalia, mama anashika kifua. Kisha sabuni. Tukirudi twakuta aliyegonga mlango ni jirani aliyekuja kuomba chumvi. Mbinu hii twaiona katika tamthilia nyingi zirushwazo Afrika Mashariki, na walimu wanaofundisha vitushi na kilele wangefanya vyema kuwauliza wanafunzi wao: kilele hiki kimewekwa na msanii au kimewekwa na mwenye duka? Mashine ya kuruka matangazo haiondoi athari hiyo. Huondoa sabuni, lakini mlango huendelea kugongwa bila sababu.

Na tusilionee tangazo. Yako matangazo ya Kiswahili yaliyotungwa kwa ustadi kushinda vipindi yaliyomo. Utani wa makabila, vina, methali zilizopinduliwa, lafudhi za mikoa: vyote hivyo vimo, tena katika muda wa nusu dakika, ambao ni mtihani mgumu kwa mtunzi yeyote. Makampuni ya simu yameeneza maneno kuliko kamati nyingi: kifurushi, vocha, salio. Hata king'amuzi, ambacho wataalamu wametaka kiitwe kisimbuzi, kilienea kwa sababu watu walikuwa wakinunua na kuuza kitu chenye jina hilo. Maudhui ndiyo yanayotutia wasiwasi. Tangazo la mchezo wa kubahatisha humwonyesha kijana aliyelala maskini akaamka tajiri kwa sababu amekisia matokeo ya mpira. Linaonyeshwa katika nchi ambayo Azimio lake la Arusha la 1967 lilikana kwamba fedha ndiyo msingi wa maendeleo. Mtu aweza kulikubali au kulikataa Azimio. Lakini ni vigumu kukana kwamba nusu dakika ile, ikirudiwa kila usiku, nayo ni azimio.

Basi twapaswa kuifurahia mashine ya kuruka? Hapana, si haraka hivyo. Dish hakuitengeneza kwa kumhurumia mtazamaji. Naye ni mfanyabiashara. Aliuza kutokuwapo kwa bidhaa za wenzake. Na mwisho wa kesi ulionyesha hivyo. Machi 2014 Disney, mwenye ABC, alipatana na Dish katika mkataba mkubwa wa kubebewa chaneli zake, na moja ya masharti ilikuwa kwamba matangazo ya ABC yasirukwe hadi siku tatu zipite tangu kipindi kionyeshwe. CBS akafuata Desemba 2014 kwa siku saba, na Fox Februari 2016 kwa siku saba. Siku tatu na siku saba hazikuokotwa njiani. Ndizo siku ambazo wenye bidhaa hukubali kuhesabiwa watazamaji na kulipa kwa hesabu hiyo. Baada ya hapo mtazamaji hana thamani, basi na aruke apendavyo. Yeye mwenyewe, katika kesi zile, hakuwa mdai wala mdaiwa. Alikuwa ndiye bidhaa iliyogombaniwa.

Tukirudi kwetu, mzozo huu ulivaa vazi jingine. Kenya, wenye vituo vitatu vikubwa, yaani Royal Media Services, Nation Media Group na Standard Group, waliwashtaki wenye televisheni ya kulipia, StarTimes na GOtv miongoni mwao, kwamba wamezibeba chaneli zao bila ruhusa. Mahakama Kuu iliwakatalia Desemba 2013. Mahakama ya Rufani ikawapa haki Machi 2014. Mahakama ya Juu ikaigeuza hukumu hiyo tarehe 29 Septemba 2014, ikisema kwamba kanuni ya kuwalazimisha wenye visimbuzi kubeba chaneli za bure haikuvunja hakimiliki. Februari 2015 mitambo ya analojia ilipozimwa, vituo hivyo vilikaa gizani kiasi cha majuma matatu kuliko kurushwa kupitia kwa wapinzani wao. Tuone tofauti. Marekani, mbebaji aliyaondoa matangazo, mwenye kituo akalia. Kenya, mbebaji aliyaacha matangazo yote mahali pake, mwenye kituo akalia vilevile, kwa sababu mwingine alikuwa akikusanya ada juu ya kazi yake. Kumbe tangazo halikuwa kiini hasa cha ugomvi. Kiini kilikuwa ni nani ataushika mlango ambao mtazamaji hupitia.

Tanzania ilianza kuzima analojia tarehe 31 Desemba 2012, kwa kuanzia na Dar es Salaam. Nia ilikuwa kwamba chaneli za kitaifa zionekane bila malipo kwa yeyote mwenye king'amuzi cha mitambo ya ardhini, hata akiwa hajalipa kifurushi. Nia hiyo ilikuwa njema. Mwezi Agosti 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilisimamia sharti hilo kwa ukali: kampuni za kulipia zilizorusha kwa setilaiti, yaani DStv, Azam na Zuku, zilitakiwa kuziondoa chaneli za ndani zisizolipiwa, kwa sababu leseni zao hazikuwaruhusu kuzibeba. Kwa mantiki ya sheria jambo hili lilikuwa wazi. Kitu cha bure kisiuzwe.

Ila sheria ilisomwa mjini. Mawimbi ya mtambo wa ardhini hufika mjini Musoma na pembezoni mwake kisha hudhoofika. Milima na umbali haviheshimu leseni. Katika kata kama Bugwema, mkulima wa pamba na mihogo atakaye televisheni hununua dishi, paneli ya jua na betri. Fedha anazotumia humfanya aitwe mteja wa televisheni ya kulipia, ingawa alichokitafuta ni taarifa ya habari ya saa mbili usiku na mpira. Alipoondolewa ITV na wenzao, hakubaki na chaneli hizo kwa njia nyingine. Alibaki na chaneli nyingine za kifurushi, pamoja na matangazo ya bidhaa ambazo hazifiki katika duka la kijiji. Waliotumia uwezo wao walinunua king'amuzi cha pili, na mtu mwenye betri moja ajua maana ya vyombo viwili. Miaka iliyofuata chaneli za ndani zilionekana tena katika visimbuzi vya setilaiti, lakini kwa kipindi kile sheria iliyotungwa ili asitozwe ilimfanya akose kabisa.

Mijadala ya wataalamu juu ya haki ya kuruka matangazo humchukulia mtazamaji kuwa mtu mmoja, aliyeketi sebuleni kwake, mwenye kidhibiti mkononi. Mtazamaji wa namna hiyo yupo, hata Musoma. Lakini watazamaji wengi wa mpira katika vijiji vya Mara huketi juu ya mabenchi katika kibanda umiza, na wamelipa kiingilio mlangoni. Kidhibiti kimo mkononi mwa mwenye kibanda. Matangazo ya mapumziko yakija, hakuna anayeyaruka na hakuna anayeyatazama. Ndio wakati wa kubishana juu ya mwamuzi, wa kununua karanga, wa kutoka nje kupunga hewa. Mtu huyu amelipa kiingilio, ambacho ndani yake kimo kifurushi cha mwenye kibanda, ambacho ndani yake imo haki ya kuonyesha ligi, na bado anauzwa kwa mwenye bidhaa. Hata Kellner asingeweza kumwita mwizi. Na vijana wenye simu za kisasa wamekwisha kujifunza maneno «ruka tangazo» kutoka katika YouTube, ambako baada ya sekunde tano, si kwa matangazo yote, mtu hupewa ruhusa ya kuruka. Ruhusa hiyo hutolewa na mwenye jukwaa, naye huweza kuiondoa, na huuza kutoona matangazo kwa ada ya mwezi. Ni Dish na Fox katika kampuni moja.

Wenye bidhaa nao hawakulala. Tangazo lililowekwa pembeni ya kipindi likirukwa, litahamia ndani. Mwaka 2017 kampuni ya kubahatisha ya SportPesa iliingia mkataba na Simba na Yanga kwa pamoja, na jina lake likakaa kifuani mwa wachezaji wa timu zote mbili, mahali ambapo jicho halina budi kufika kila mpira unapofika. Mei 2021 Azam Media na Shirikisho la Mpira wa Miguu walitia sahihi mkataba wa miaka kumi wa kuonyesha ligi, kwa shilingi bilioni 225.6; fedha hizo zimewafaa wachezaji na vilabu, nasi hatuoni haya kusema hivyo. Lakini mtazamaji aliyelipia kifurushi ili aione ligi hiyo hakununua utulivu. Ligi yenyewe iliitwa Ligi Kuu ya Vodacom kwa miaka mingi. Tangu 2021 imebeba jina la Benki ya NBC, ambayo haihusiani na mtandao wa Marekani tulioutaja, ijapokuwa herufi zimegongana. Msomaji wa habari katika redio ya taifa asomapo matokeo hulitaja jina hilo kabla ya kuzitaja timu, na mwanafunzi aandikapo insha juu ya mchezo aliouona hulinukuu bila kufikiri. Mafundi wa Wyoming wasingepata pa kuweka alama. Tangazo limo ndani ya sentensi, baina ya kiima na kiarifu.